Ruzuku ya usalama wa mtandao: usiiandikie Washington, gonga mlango wa jimbo

Swali la msomaji, kwa ufupi: "Nilizaliwa Tanga, sasa naishi Marekani na nafanya kazi ya kompyuta katika serikali ya kaunti ndogo ya mashambani. Wakazi wetu hawafiki 20,000. Kitengo chote ni mimi na kijana mmoja anayekuja siku tatu kwa wiki, na tunahudumia ofisi ya hati za ardhi, ofisi ya sherifu na mamlaka ya maji. Mji jirani wadukuzi wameufungia mifumo yake, na bosi wangu ameshtuka. Kaniambia serikali kuu inatoa ruzuku ya mambo hayo, niitafute. Nimesoma tovuti za serikali hadi macho yananiuma. Nianzie wapi, na niombe nini? Na je, ni kweli kwamba mpango wenyewe unakufa?"

Dada yangu, pole kwa macho, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kuandika. Wengi huandika kwanza. Nimepitia maombi ya ruzuku za aina hii kwa miaka kadhaa, na yanayonisikitisha kuliko yote ni yale yaliyoandikwa vizuri, hesabu zimenyooka, viambatisho vimekamilika, kisha yakapelekwa mahali ambapo hapana mtu wa kuyafungua.

Mpango aliousikia bosi wako ulianzishwa na sheria ya miundombinu ambayo Rais Biden aliitia saini Novemba 2021. Watu wanaikumbuka sheria ile kwa barabara na madaraja, lakini ndani yake zilitengwa pia dola bilioni 1 za usalama wa mtandao kwa majimbo na serikali za mitaa: milioni 200 mwaka wa fedha 2022, milioni 400 mwaka 2023, milioni 300 mwaka 2024 na milioni 100 mwaka 2025. FEMA, shirika la serikali kuu la maafa tunalolijua kwa mafuriko na vimbunga, ndilo linaloshika mfuko. CISA, wakala wa usalama wa mtandao, ndio wanaoeleza kipi kinafaa kufanywa. Lakini si FEMA wala CISA atakayekupa wewe hata senti moja. Mwombaji anayetambuliwa ni jimbo, kupitia ofisi yake moja tu inayosimamia ruzuku za usalama wa ndani. Kaunti, mji, wilaya ya shule na mamlaka ya maji ya umma hupokea kutoka mkononi mwa jimbo.

Hilo linaweza kukukatisha tamaa, lakini subiri usikie upande wa pili. Sheria imelibana jimbo. Angalau asilimia 80 ya fedha lazima iende kwa serikali za mitaa, na angalau asilimia 25 ya fedha zote iende vijijini, yaani maeneo yenye watu chini ya 50,000. Jimbo likishapata fedha zake lina siku 45 za kuzipitisha. Kwa hiyo kaunti yako haiendi pale kuomba huruma. Jimbo linakuhitaji ili hesabu zake zitimie. Ukiingia ofisini kwao hali unalijua jambo hili, hata namna unavyokaa kwenye kiti itakuwa nyingine.

Sasa, nani hasa wa kumwona? Kila jimbo lililopokea fedha lilitakiwa kuunda kamati ya mipango ya usalama wa mtandao, yenye wawakilishi wa kaunti, miji, shule za umma na afya ya umma, na angalau nusu ya wajumbe wawe na uzoefu wa kazi katika kompyuta au usalama wa mtandao. Kamati hiyo huandika mpango wa jimbo wenye vipengele 16 vilivyotajwa na sheria. Mradi usioegemea kipengele chochote cha mpango huo hauna pa kushika, hata ungekuwa mzuri namna gani. Basi kabla hujaandika neno, utafute mpango wa jimbo lako. Majimbo mengi wameuweka wazi. Usome kwa kalamu mkononi, weka alama kila mahali unapoiona kaunti yako. Kisha piga simu kwenye chama cha kaunti cha jimbo, uulize ni nani anayewawakilisha ninyi kwenye kamati. Mara nyingi utakuta ni mtu wa kompyuta kama wewe, wa kaunti ya tatu kutoka kwenu, naye atafurahi kwamba kuna mtu amempigia. Mazungumzo ya nusu saa na mtu huyo yana faida kuliko wiki nzima ya kusoma tovuti.

Mwulize swali moja kabla ya yote: jimbo letu linagawa fedha, au linagawa huduma? Sheria inaliruhusu jimbo kubaki na fungu la serikali za mitaa na badala yake kuwapa huduma, vifaa au mafunzo, mradi serikali hizo zikubali kwa maandishi. Majimbo mengi yamekwenda njia hiyo. Wananunua kwa wingi programu za kulinda kompyuta, mafunzo ya wafanyakazi na ulinzi wa barua pepe, kisha wanawasajili kaunti na miji.

Najua viongozi wengi wa kaunti hawapendi kusikia hivyo. Wanataka hundi, wanataka kununua wenyewe, na ninaielewa fahari hiyo. Lakini kwa kitengo cha watu wawili, tena mmoja ni wa siku tatu, mimi ningekushauri upokee huduma bila kusita. Hundi huja na zabuni, na risiti, na taarifa za kila robo mwaka, na mkaguzi. Nani atayafanya hayo kwenu? Wewe huyo huyo unayebadilisha wino wa printa kwa sherifu. Tena mara nyingi mnatakiwa mtoe fedha zenu kwanza ndipo mrudishiwe. Huduma ya jimbo haina mzigo huo, na bei ambayo jimbo hupata kwa kununulia kaunti themanini, ninyi peke yenu hamtaipata.

Kama jimbo lako linagawa fedha, basi tuzungumze cha kuomba. Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Mchuuzi atakuja. Akishasikia tu kwamba kaunti inatafuta ruzuku, atakuja na mtambo unaotazama mtandao usiku na mchana, wenye kioo cha rangi na ramani ya dunia. Naomba usiuanze mradi wako hapo. Kaunti moja niliyowahi kuisaidia ilinunua mtambo wa namna hiyo kwa ruzuku. Mwaka wa kwanza uliwaka vizuri. Hapakuwa na mtu wa kusoma tahadhari zake, kwani aliyejifunza kuutumia alipata kazi mjini. Leseni ilipokwisha, bajeti haikuwa nayo. Nilipowatembelea tena ulikuwa juu ya kabati, umezimwa, na huku chini nenosiri la seva ya kodi lilikuwa limebandikwa kwa karatasi ya njano. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na ruzuku ni nguo ya kuazima.

Tazama walioumia, uone waliumia wapi. Mei 2019, jiji la Baltimore lilifungiwa mifumo yake na wadukuzi waliodai bitikoini 13, kama dola 76,000 kwa bei ya wakati ule. Jiji lilikataa kulipa, na gharama zake zilikadiriwa kupita dola milioni 18. Lakini kinachokuhusu wewe, mtu wa ofisi ya hati za ardhi, ni hiki: uuzaji wa nyumba katika jiji zima ulikwama, kwa sababu ofisi hazikuweza kuthibitisha kama nyumba ina deni la kodi au la maji. Watu walikuwa wameshafunga mizigo, hawana pa kuhamia. Ndiyo maana nakwambia, katika mradi wako jambo la kwanza liwe nakala rudufu za hati na kodi, zinazokaa mahali ambapo mdukuzi aliyeingia kwenye mtandao wenu hawezi kuzifikia, na ambazo mmeshajaribu kuzirudisha. Hilo la kujaribu ndilo watu hawalifanyi. Omba fedha za seva moja ya majaribio, na uandike kwenye ombi kwamba kila miezi mitatu mtarudisha data ya kodi kutoka kwenye nakala na kupima imechukua saa ngapi. Msomaji wa maombi akiona sentensi hiyo anajua anazungumza na mtu anayejua kazi.

La pili, uthibitisho wa hatua mbili, yaani nenosiri pamoja na kithibitisho kingine, kwa kila anayeingia kutoka nje: barua pepe, mlango wa mbali wa mamlaka ya maji, akaunti za wasimamizi wa mifumo. Sherifu atalalamika kwamba maofisa wake hawana muda. Waombee vifunguo vidogo vya kuchomeka kwenye kompyuta. Havina bei kubwa, na wala havitaki simu ya mtu binafsi, jambo ambalo huzua ugomvi.

La tatu ni maji. Novemba 2023, katika mji mdogo wa Aliquippa, Pennsylvania, mamlaka ya maji iliingiliwa na kundi lenye uhusiano na Iran. Walifikia kifaa cha kuendesha pampu kilichotengenezwa na kampuni ya Israeli, Unitronics, na kioo chake kikaonyesha tangazo la wadukuzi. Wafanyakazi waliendesha pampu kwa mkono, wananchi hawakukosa maji. CISA walipochunguza mashambulizi ya aina hiyo walieleza kwamba vifaa vilivyoshambuliwa vilikuwa wazi kwenye intaneti, vikitumia nenosiri la kiwandani: 1111. Nenda kwa fundi wa maji leo hii, si mwezi ujao, mkague pamoja kila kifaa chenye waya wa mtandao. Kubadilisha nenosiri hakuhitaji ruzuku. Ruzuku iombeni kwa kutenganisha mtandao wa pampu na mtandao wa ofisi, na kwa kuondoa vifaa vya zamani ambavyo mtengenezaji ameshaacha kuvihudumia. Hilo la kuondoa vifaa vya zamani linaingia moja kwa moja katika mambo ambayo CISA wanayataka yawemo katika mipango ya majimbo.

Jambo la nne ningelitaja hata kama usingeuliza: mkandarasi wenu. Agosti 2019 serikali za mitaa zaidi ya 20 za Texas zilishambuliwa kwa siku moja, nyingi zikiwa za miji midogo, kwa sababu wadukuzi walipitia kwenye chombo cha kampuni moja iliyokuwa ikizihudumia kutoka mbali. Dola milioni 2.5 zilidaiwa, hazikulipwa. Kaunti kama yenu lazima ina kampuni ya nje inayoingia kwenye mifumo yenu. Inaingia vipi, saa ngapi, kwa akaunti ya nani? Hayo yaandike kwenye mkataba.

Kabla hujaomba chochote, jiandikishe kwenye huduma ya CISA ya kupima udhaifu wa mifumo kutoka nje. Haina malipo, inapima kila kilicho wazi kwenye intaneti na kuwaletea taarifa kila wiki, na kujiandikisha ni mojawapo ya masharti ya wanaopokea ruzuku hii. Taarifa yake ya kwanza itakuwa mshipa wa ombi lako: badala ya kuandika "tuna hatari kubwa", utaandika "tuna vifaa vinne vilivyo wazi, hivi hapa". Vilevile hamieni kwenye anwani ya mtandao ya .gov, ile ya taasisi za serikali, kama bado mnatumia ya kibiashara. Tangu 2021 haitozwi ada, nayo imo katika orodha ya mambo ambayo mpango unayahimiza.

Sasa hesabu, maana bosi wako atauliza. Ruzuku hii inadai mchango wa upande wenu, na mchango umekuwa ukipanda kila mwaka: asilimia 10 kwa fedha za 2022, 20 kwa za 2023, 30 kwa za 2024, 40 kwa za 2025. Asilimia hiyo ni ya gharama yote ya mradi, si ya ruzuku. Mradi wa dola 100,000 kwa fungu la 2025 utapata 60,000 kutoka serikali kuu, na 40,000 lazima zitoke kwingine. Wengi hukosea hapa, wakadhani watapewa laki nzima kisha waongeze. Baadhi ya majimbo yamejitwika mchango huo kwa niaba ya serikali za mitaa, uliza. Mchango si lazima wote uwe fedha taslimu, lakini lazima uwe na karatasi ya kuuthibitisha.

Kuna mambo ambayo fedha hizi hazigusi kabisa. Haziwezi kulipa wadukuzi. Haziwezi kulipa ada ya bima ya mtandao. Haziwezi kununua ardhi wala kujenga au kukarabati jengo. Na haziwezi kuziba pengo la fedha ambazo kaunti ilikuwa tayari inazitoa. Hili la mwisho ndilo mkaguzi analolitafuta kwanza, kwa hiyo usimruhusu mhasibu afute mstari wa leseni kwenye bajeti kwa kuwa "ruzuku italipa". Mkitaka kutoboa ukuta kupitisha waya au kufunga kifaa ndani ya jengo, hasa mahakama ya zamani, ulizeni kwanza kuhusu ukaguzi wa mazingira na majengo ya kihistoria ambao FEMA wanautaka; ukianza kazi kabla ya kibali mnaweza kuzikosa fedha. Na kabla ya kununua kamera au vifaa vya mawasiliano, kumbuka kwamba fedha za serikali kuu haziruhusiwi kununua vya kampuni za China za Huawei, ZTE, Hikvision, Dahua wala Hytera. Kamera za bei nafuu madukani nyingi zimetoka kwenye viwanda hivyo zikiwa na jina jingine ubavuni, basi mdai muuzaji athibitishe kwa maandishi.

Kaunti itahitaji pia namba ya utambulisho ya tarakimu na herufi 12 inayotolewa na SAM.gov, tovuti ya serikali kuu ya kusajili wanaotaka kupokea fedha zake. Ni bure. Ukipigiwa simu na mtu anayedai dola mia kadhaa akusajilie, kata simu.

Umeuliza kama mpango unakufa. Sheria ilipanga ruhusa yake ikome 30 Septemba 2025. Baadaye Bunge likaisogeza mbele kwa muda mfupi, na mjadala wa kuirefusha kwa miaka mingi umekuwa ukiendelea. Lakini tofautisha ruhusa ya mpango na fedha ambazo majimbo yameshazipokea. Kila fungu limepewa takriban miaka minne ya kutumiwa: la 2022 hadi Novemba 2026, la 2023 hadi Novemba 2027, la 2024 hadi Novemba 2028. Kwa hiyo ukifika kwenye ofisi ya jimbo usiulize "mpango bado upo?" Uliza hivi: "Ni mafungu gani bado hamjayamaliza, na fungu la vijijini limebaki kiasi gani?" Ofisi ya Uhakiki ya Bunge la Marekani, GAO, ilieleza kwamba hadi Agosti 1, 2024 dola milioni 172 hivi zilikuwa zimekwishatolewa kwa majimbo na maeneo 33, kwa miradi 839. Linganisha na bilioni moja, utaona fedha hizi zinatembea polepole. Na miradi hufa njiani: mji hujitoa, mkandarasi hushindwa, bei hushuka. Fedha zilizorudi hutafuta mtu aliye tayari, na aliye tayari ni yule mwenye ombi lililokwishaandikwa, limo ndani ya droo, bei zake ni za miezi mitatu iliyopita.

Hata hivyo usijenge nyumba juu ya fedha hizi. Kituo cha MS-ISAC, ambacho kwa miaka mingi kilizipa serikali za mitaa tahadhari na msaada bila malipo kwa fedha za serikali kuu, kilipoteza fedha hizo mwishoni mwa Septemba 2025 na kikageukia ada za uanachama. Kaunti zilizokitegemea zilipata taarifa ya miezi michache tu. Ndiyo maana kila unachokiomba, kiandikie pembeni: mwaka wa tatu nani atakilipia? Kama jibu halipo, kiondoe, au ukipunguze hadi kaunti iweze kukibeba.

Mwisho, wafanyakazi wenzako. Julai 2025 jiji la St. Paul, Minnesota, lilishambuliwa hadi gavana akaita Walinzi wa Taifa, yaani wanajeshi wa akiba wa jimbo. Jiji halikulipa. Lilichofanya ni kuwaita wafanyakazi wake wapatao 3,500 ukumbini, mmoja mmoja na kitambulisho chake, wabadilishiwe nenosiri na kompyuta zao zikaguliwe. Kaunti yako ina wafanyakazi wangapi, mia moja? Mia moja na hamsini? Zoezi hilo kwenu ni kazi ya asubuhi moja. Lifanye sasa, kabla ya shambulio, na uliweke kwenye ombi kama jambo ambalo mmeshalikamilisha kwa nguvu zenu. Mchana wake kaa na karani wa hati za ardhi, umwulize: kompyuta zote zikizimwa kesho, hati ya mtu aliyekuja kuuza shamba utaiandikaje? Jibu lake, kwa maneno yake mwenyewe, liweke kwenye ukurasa wa kwanza wa ombi lako.